Usisubiri Kijerumani chako kiwe kizuri ndo uanze kutafuta nafasi

Ile karatasi ilikaa kwenye mlango wa idara wiki tatu nzima na mi nilikuwa naipita kila siku nikienda darasani, sikuwahi kusimama niisome maana yote ilikuwa Kijerumani, maneno marefu marefu, nikajiambia hizo ni habari za watu wa mwaka wa mwisho wenye B2 zao, maana levo za lugha zinaanza A1, A2, halafu B1, B2 na kuendelea juu. Siku niliyosimama kumbe ni kozi ya kiangazi ya chuo kimoja kule Ujerumani, na chini kabisa kulikuwa na neno nisilolijua, Bewerbungsschluss, nikafungua kamusi kwenye simu nikalikata vipande, Bewerbung ni maombi, Schluss ni mwisho, yaani mwisho wa kupokea maombi. Tarehe yenyewe ilikuwa imepita siku nne.

Nilikuwa mwaka wa pili, A2 nimeshamaliza, na masharti yote ya ile karatasi nilikuwa nayatimiza. Yote jamani. Kilichonikosesha sio pesa wala maksi, ni kuamini tu kwamba nafasi zinaanza ukishajua lugha vizuri. Ndo maana naandika hii, hasa kwa nyie mlio mwaka wa kwanza na wa pili ambao bado mnahangaika na Dativ, ile sarufi ya Kijerumani inayobadilisha maneno.

Ukweli ni kwamba kila levo ina mlango wake. Ukiwa na A1 tu tayari unaweza kuomba kwenda Ujerumani kama au pair, ukiwa na miaka 18 mpaka 26, unakaa na familia mpaka mwaka mmoja, unasaidia watoto na kazi ndogo za nyumbani kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, na wao wanakupa chumba, chakula, euro 280 za mfukoni kila mwezi na wanachangia euro 70 kwa mwezi kwenye kozi yako ya lugha. Sio likizo ile, ni kazi, na inabidi usimamishe masomo chuoni, kwa hiyo fikiri vizuri na soma mkataba mstari kwa mstari. Kuna pia mwaka wa kujitolea, wanauita FSJ, kwa vijana wasiofika miaka 27, unafanya kazi kwenye nyumba za wazee au hospitali au chekechea na unapewa pesa ya kujikimu. Rafiki yangu mmoja alienda huko akiwa na B1 ya kubabaisha, akarudi anaongea Kijerumani cha wazee wa nyumba ya wazee, polepole, kwa heshima, na lafudhi ya kule kijijini, mpaka walimu wetu walikuwa wanamsikiliza kwa furaha.

Halafu kuna DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi ambalo lipo tangu 1925. Watu wengi wanalijua kwa skolashipu za masters tu, lakini wana pia ufadhili wa kozi za kiangazi kwa wanafunzi ambao bado wapo digrii ya kwanza, wiki tatu nne hivi kwenye chuo cha Ujerumani, unasoma lugha asubuhi na mchana mnazunguka mji. Wanataka uwe umemaliza angalau miaka miwili chuoni. Na hapa ndo watu tunapopotelea, kozi ni kiangazi lakini dirisha la maombi linafungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ukianza kuulizia wakati wenzako wanafunga mabegi umeshachelewa mwaka mzima. Mi sasa hivi nina daftari moja la tarehe tu, naandika Bewerbungsschluss ya kila kitu, hata vitu ambavyo mwaka huu siombi.

Kwenye kampasi yenyewe nafasi zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Uliza ofisi ya ushirikiano wa kimataifa kama chuo chenu kina mkataba na chuo chochote cha Ujerumani au Austria, maana mikataba mingine ipo na wanafunzi hawajui, na kama ni ya Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, unaenda semista moja au mbili, unapewa posho na chuo kinachokupokea hakikudai ada. Ingia klabu ya maigizo ya Kijerumani kama ipo, kama haipo anzisheni. Wakija wageni jitolee kuwatembeza, saa mbili za kumuonyesha mgeni maktaba zitakufundisha maneno ambayo kitabu hakina. Ukifika B1 muombe mwalimu akuachie kusaidia kundi la mwaka wa kwanza, hakuna kitu kilichonifungua macho kwenye sarufi kama kulazimika kumwelezea mtu kwa nini ni mit dem Bus, yaani kwa basi, na sio mit den Bus.

Ila kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni tandem, yaani watu wawili kufundishana lugha zao, na hii nataka niielezee kidogo maana wanaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Vyuo vya Ujerumani vinafundisha Kiswahili, Leipzig wanafundisha, Bayreuth, Hamburg, Köln, na wale wanafunzi wanatafuta mtu wa kuongea naye kama we unavyotafuta. Mnapatana, nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, kwa vidio, bure kabisa. Mwenzangu siku ya kwanza aliniuliza kwa nini ni kijiko changu halafu uma wangu halafu kisu changu, kwa nini uma umejitenga, na mi nikabaki kimya, lugha yangu mwenyewe sijui niseme nini. Nikamwambia ni ngeli tu, imezaliwa hivyo. Akacheka akaniambia vitu hivyohivyo vitatu kwa Kijerumani ni der Löffel, die Gabel, das Messer, jinsia tatu mezani, na yeye pia hajui kwa nini. Tangu siku hiyo der die das zikaacha kunitisha, nikaziona kama ngeli zao tu, unalibeba neno pamoja na ngeli yake, basi. Miezi sita ya tandem ilinipeleka mbali kuliko mwaka mzima wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kingine cha bure ni DW, yaani Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani. Idhaa yao ya Kiswahili ipo tangu 1963, na kwa wanaojifunza wana habari zinazosomwa polepole kwa Kijerumani pamoja na maandishi yake, kwa hiyo mi nilikuwa nasikiliza kwanza habari kwa Kiswahili, nikishajua dunia imeamkaje naenda kuisikia ileile kwa Kijerumani, na maneno yanaingia yenyewe kwa sababu maana yake tayari unayo. Kwa anayeanza kabisa wana kozi ya vidio inaitwa Nicos Weg, inakutoa A1 mpaka B1 bila kulipa chochote.

Sasa barua. Mwaka uliofuata niliomba ile kozi ya kiangazi, na kwenye barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unataka nafasi, niliandika Ich liebe Deutschland, weil es ein schönes Land ist, na mengine ya namna hiyo ukurasa mzima. Mwalimu wangu aliisoma na kalamu nyekundu mkononi, kila sentensi anauliza, hii anaweza kuiandika mtu mwingine yeyote? Nikisema ndio anaikata. Zilibaki mbili. Nililia kidogo usiku ule, lakini alikuwa sahihi kabisa, watu wanaosoma hizo barua wanasoma mamia ya watu wanaoipenda Ujerumani kwa sababu ni nchi nzuri.

Nikaanza upya na neno shule. Tunalisema kila siku tangu tukiwa wadogo na ni Kijerumani lile, Schule, limebaki kwetu tangu enzi za ukoloni wao. Halafu nikaandika kuhusu Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyekuwa anafundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891, kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa 1887. Waliokuwa wanafundishwa pale wengi ni maofisa waliokuwa wanakuja kututawala, historia chungu na sikuificha kwenye barua, nikasema nataka kusoma Kijerumani nikijua lugha hizi mbili zilikutanaje, na kwamba sasa nakutana na wanaojifunza Kiswahili kila Alhamisi jioni kwa tandem. Barua ile ilikuwa na makosa mawili ya sarufi na nilichukuliwa.

Kwa mitihani nina jambo moja tu. Mtihani wa B1 wa Goethe, ile taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, unahitaji alama 60 kati ya 100 kwa kila sehemu, na ukianguka moja unarudia hiyo moja tu, zile nyingine zinabaki zako. Mi nilianguka kuandika. Nilikaa wiki nzima nadhani nimefeli mtihani mzima na hakuna aliyeniambia vinginevyo, kumbe cheti cha sehemu tatu nilikuwa nacho tayari.

Kwa wanaofikiria kwenda kusoma digrii nzima kule, jueni kwamba vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa semista tu, isipokuwa sehemu chache kama jimbo la Baden-Württemberg ambako wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa semista tangu 2017. Kinachowakwamisha wengi ni ile akaunti iliyofungwa ya viza, akaunti ya benki ya pesa zako za kujikimu, euro 11,904 za mwaka mmoja, lazima uonyeshe kwamba zipo isipokuwa uwe na skolashipu au mdhamini anayekubalika. Kufanya kazi ukiwa mwanafunzi inaruhusiwa, siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, lakini usipange kuilipa hiyo akaunti kwa kazi ambayo hujaipata. Na kwa kozi zinazofundishwa kwa Kijerumani wengi wanataka mtihani wa Kijerumani cha chuo, DSH-2 au TestDaF ya 4 kwenye sehemu zote, hiyo inahitaji muda, sio likizo moja. Mtu akikwambia anakuuzia skolashipu ya DAAD mkimbie, haziuzwi.

Barua za mapendekezo ombeni mapema. Mpe mwalimu wiki tatu, sio siku mbili, na mpe pamoja na wasifu wako na kile unachokiomba asije akaandika kwa kubahatisha. Mi mwaka huu naomba masters ya tafsiri, Kijerumani na Kiswahili, tarehe ya mwisho bado miezi miwili na nusu, na mwalimu wangu yuleyule wa kalamu nyekundu kaniambia barua nikaichukue Jumatatu.