Namna nilivyofanikiwa kukokotoa chuma cha kiini cha dunia

Nilikuwa nachunguza chuma kilichoko kwenye kiini cha ndani cha dunia, ambako kanieneo (presha) huanzia gigapaskali 330 na joto hukadiriwa kuwa kelvini 5,000 hadi 6,000. Huko hakuna wa kuchimba akafika, kwa hiyo tunakokotoa kwa kompyuta mwenendo wa elektroni, na humo ndimo tunapopata kanieneo. Nilitumia Quantum ESPRESSO, programu ya bure iliyokulia Trieste, Italia.

Wiki tatu nzima kanieneo niliyoipata haikulingana na ile ya wenzetu waliokokotoa elektroni zote za atomi, na kila nilipozidi kuibana seli (kisanduku cha atomi ninachokikokotoa), tofauti ilikua. Mwishowe nikashika kalamu na karatasi. Katika hali ya kawaida, atomi mbili jirani za chuma huachana angstromu 2.48 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Kule kiini kila atomi hubaki na asilimia 60 hivi ya nafasi yake, na umbali ule hushuka hadi 2.16. Sasa faili langu la sudopotensho (fomula rahisi inayoshika nafasi ya sehemu ya ndani ya atomi), lililofungia elektroni za ndani na kuachia 8 tu, lilikuwa na tufe la nusu kipenyo cha angstromu 1.16, ambalo ndani yake fomula hiyo hushika nafasi ya atomi halisi. Mara mbili yake ni 2.32. Matufe yalikuwa yanaingiliana!

Nikatafuta faili la elektroni 16, linaloachia na zile za 3s na 3p (ngazi za ndani zaidi), tufe lake dogo. Kanieneo ikatulia mahali pake, nami nikafurahi sana.

Kisha ikaja seli ya atomi 64, yaani elektroni 1,024. Kwa njia hii, elektroni zikiongezeka maradufu, muda hukaribia mara nane. Na kwa joto la kelvini 6,000 elektroni hupanda ngazi za juu, ambazo nazo lazima zikokotolewe. Kazi ilikatwa kila ilipofika saa 24 zinazoruhusiwa kwenye kompyuta kubwa niliyotumia.

Kumbe prosesa zote 128 zilikuwa zinang'ang'ania pointi moja ya k (mojawapo ya sampuli za mawimbi ya elektroni, ambayo hukokotolewa peke yake) kwa wakati mmoja, muda mwingi zikisubiriana. Nilikuwa na pointi 4, nikaongeza -nk 4 kwenye amri: makundi manne ya prosesa 32, kila kundi na pointi yake, yakikutana wakati wa kujumlisha msongamano wa elektroni. Mtindo huu hula kumbukumbu zaidi, hivyo nikapunguza prosesa kwa kila nodi (mashine moja ndani ya kompyuta kubwa) na kuomba nodi nyingi zaidi. Kazi ikaisha kwa saa tisa, na asubuhi nikaanza joto linalofuata.