Siku moja maishani mwangu: mimi, kidato cha tatu na birika la maji ya moto

Saa 11 na nusu alfajiri. Iringa baridi ya saa hizi sio ya mchezo, namchemshia mwanangu maji ya kuoga, namimina kwenye beseni lenye maji ya bomba huku nakoroga kwa mkono mpaka yawe vuguvugu. Na hiki hiki ndo naenda kukifundisha leo, usiku sijalala vizuri nawaza watoto 56 na themomita mbili.

Saa 1 na robo. Shikamoo madam, marahaba, mstarini, basi.

Saa 2. Umeme umekatika, mama wa jikoni kanigawia jiko la mkaa, Mungu ambariki. Maji yanatokota lakini themomita imeganda kwenye 95 hivi, kijana mmoja akaniambia madam hii imekufa. Haijafa, Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko Dar ndo maana maji yanachemka kabla ya kufika 100.

Saa 3. Gramu 100 za maji ya nyuzi 80, na bika, kile chombo cha maabara, lenye gramu 300 za nyuzi 20. Nikawaambia kabla sijachanganya kila mtu aandike itasoma ngapi, karibu darasa zima wakaandika 50, yani wamejumlisha wakagawa kwa mbili. Nikamimina, nikakoroga taratibu, aliyeshika themomita akasoma 34, akasoma tena, akampa mwenzake naye asome. Kimya.

Hapo ndo nilipokuwa napataka. Tukapiga hesabu ubaoni: ikifika 35, ya moto yameshuka nyuzi 45 na ya baridi yamepanda 15 tu, lakini 100 mara 45 ni 4,500 na 300 mara 15 ni 4,500, joto lililotoka huku ndo lililoingia kule. Jotoridi, yani ile namba ya themomita, sio joto jamani, hii nimeirudia mpaka koo limekauka. Ile nyuzi moja iliyopungua, joto lake jingine bika limekula na jingine limeenda hewani.

Saa 4 chai. Binti mmoja mkimya sana kanifuata hadi mlangoni mwa ofisi, "Madam, tungemimina ya baridi kwenye ya moto tungepata ile ile?" Wenzake wakacheka, mi nikawakatiza hapo hapo. Erasto Mpemba naye hakuaminiwa akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliposema mchanganyiko wa aiskrimu wa moto umeganda kabla ya uliopoa, akaja kuuliza tena akiwa shule ya Mkwawa, hapa hapa Iringa, mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu Dar akaenda kulijaribu, na 1969 wakaandika pamoja.

Saa 9 na nusu, vipindi vimeisha, tumebaki watano. Safari hii gramu 100 kwa 100, nyuzi 80 na 20. Moto kwenye baridi tukapata 47. Baridi kwenye moto, bika lile lile, 51! Tukarudia, 51 tena. Binti akaligusa bika kwa nje akatulia, hafu akasema kwa sauti ndogo, "Bika lenyewe lilikuwa la moto, na lenyewe limetoa."

Nimekaa ualimu miaka 9, nimetokwa machozi kweli.

Saa 2 usiku nasahihisha madaftari. Kesho anataka turudie kwa kikombe chembamba cha plastiki aone kama tofauti itapungua, mkaa nimeshanunua.