Kufuli la Myrtle Avenue

Jumapili, usiku

Leo tumekuta geti limefungwa. Mnyororo, kufuli, na mwanangu amesimama mbele yake na glavu mkononi kama mtu aliyekwenda harusini akakuta wenyeji wamelala. Kosa ni langu. Nilimwahidi kumpeleka kuuona uwanja wa zamani wa besiboli wa mtaa wa Durkeeville, hapa Jacksonville, Florida, ila sikujisumbua kuuliza kama Jumapili huwa wazi.

Miaka minne nimepita Myrtle Avenue nikienda kazini, nikidhani ni kiwanja cha shule tu. Jukwaa la matofali, paa juu, taa ndefu, basi. Mimi ni mtu wa Tanga, mpira kwangu ni wa miguu, na mchezo wa gongo pekee niliowahi kuuona utotoni ni kriketi ya Wahindi wetu, nayo sikuielewa. Besiboli nimeingizwa na huyu mtoto aliyezaliwa hapahapa Jacksonville. Yeye ndiye aliyeniambia, tena kwa kunishangaa: "Mama, hapo ndipo alipochezea Hank Aaron." Huyo ni mmoja wa wapigaji mashuhuri wa besiboli.

Nikaenda maktaba. Nilikaa kuliko nilivyopanga.

Uwanja ulijengwa mwaka 1912, ukiitwa Barrs Field. Timu kubwa za kaskazini zina desturi yao: Februari na Machi, wakati kwao bado theluji, zinateremka kusini kupasha misuli moto kabla ya msimu kuanza. Siku hizi Florida nzima imejaa viwanja vya kazi hiyo, vyenye migahawa na maduka ya jezi. Zamani ilikuwa kiwanja na jukwaa la mbao. Philadelphia Athletics walikuja Jacksonville mwaka 1914, wakiwa mabingwa. Brooklyn nao walipita mjini hapa. Na mwaka 1920 walikuja New York Yankees wakiwa na mchezaji waliyetoka kumnunua Boston, anaitwa Babe Ruth. Mazoezi yake ya kwanza na timu ile aliyafanyia hapa, kisha akaenda kupiga homurani 54 msimu huohuo. Homurani, kwa ninyi wenzangu wa mpira wa miguu, ni pale mpira unapopigwa ukaruka uzio, na mpigaji akazunguka vituo vyote bila haraka, kama anatembea sokoni.

Baadaye jiji likaununua na jina likawa Durkee Field. Miaka ya 1930 moto ukala jukwaa la mbao, likajengwa hili la matofali. Wakati huo mtaa wa Durkeeville ulikuwa mtaa wa Weusi, na uwanja ukawa na timu yao, Jacksonville Red Caps. Jina nimelipenda nilipojua limetoka wapi: wapagazi wa stesheni ya reli walivaa kofia nyekundu. Mchana unabeba masanduku ya watu, jioni unacheza ligi ya Weusi. Hebu fikiria mgongo wa mtu huyo.

Sasa nije kwenye kufuli.

Machi 1946, Jackie Robinson, ambaye mwaka uliofuata angekuwa Mweusi wa kwanza wa karne ile kucheza ligi kuu ya besiboli, alikuwa Florida na Montreal Royals, timu ndogo iliyokuwa chini ya Brooklyn Dodgers. Yeye na mrushaji Johnny Wright ndio Weusi pekee kikosini. Royals walikuwa na mechi Jacksonville, katika uwanja huuhuu. Jiji likasema Weusi na Wazungu hawachezi pamoja kwenye uwanja wake. Branch Rickey, bosi wa Dodgers, hakukubali kuwaacha wawili wale nyuma, mechi ikafutwa. Mara nyingine timu ilipofika, ilikuta geti limefungwa kufuli. Wachezaji wakapanda basi lao wakarudi walikotoka.

Kinachonikera si kufuli peke yake. Uwanja uko katikati ya mtaa wa Weusi! Wapagazi walikuwa wakicheza humo, nao waliruhusiwa kwa sababu walicheza wenyewe kwa wenyewe. Nyasi hazikuwa na tatizo na miguu ya mtu mweusi. Tatizo lilikuwa yeye alinde kituo cha pili, na kituo cha kwanza asimame Mzungu, wakirushiana mpira mmoja.

Daytona Beach, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa, walifungua mlango. Tarehe 17 Machi 1946 Robinson alicheza dhidi ya Dodgers wenyewe. Hakupata pigo hata moja la kumfikisha kituoni salama, na Dodgers walishinda 7–2. Leo uwanja ule una jina lake na sanamu yake mlangoni. Sisi Jacksonville kilichotubakia ni hadithi ya kufuli, na nimejikuta nikisema "sisi", mimi mtu wa Tanga.

Miaka saba tu baadaye geti hilohilo lilifunguka. Mwaka 1953 Jacksonville Braves walimleta Hank Aaron, kijana wa miaka 19 kutoka Mobile, Alabama, pamoja na Felix Mantilla na Horace Garner. Majukwaani watu bado walikaa kwa rangi. Wakisafiri, Aaron hakuweza kulala hoteli moja na wenzake wala kula nao mgahawani. Akapiga kwa wastani wa .362, yaani zaidi ya pigo moja la kumfikisha kituoni katika kila zamu tatu, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na juu ya hayo akaoa binti wa hapahapa mjini. Mwaka 1974 ndiye aliyeivunja rekodi ya Ruth ya homurani 714 za maisha yake yote ya mchezo. Nimejaribu kumweleza mwanangu kwamba wote wawili walikanyaga udongo huu mmoja, akanijibu, "Najua, mama." Yeye anajua kila kitu.

Braves walihamia uwanja mpya mwaka 1955, huu ukaachiwa shule na watoto wa mtaa. Sasa unaitwa kwa jina la James P. Small, aliyekuwa kocha wa sekondari ya Stanton. Kwangu hilo ni jina bora kuliko la tajiri yeyote.

Basi, leo. Tuliuzunguka uzio hadi tukapata mahali pa kuchungulia. Mwanangu akaingiza vidole kwenye waya, akauliza Aaron alikuwa akisimama wapi. Hilo nililijua, nilikuwa nimelisoma: msimu ule alicheza kituo cha pili. Kama Robinson kule Daytona.

"Kama mimi," akasema.

Mzee mmoja alikuwa anapita na mbwa wake. Akatutazama, akatazama ile glavu, akasema katikati ya wiki jioni huwa kuna vijana wanafanya mazoezi na geti linakuwa wazi, tuingie tu.

Jumatano natoka kazini saa tisa.