Wasifu wa Baba Mkubwa

Baba mkubwa alifariki Ijumaa, na kikao cha familia kikanitwisha mimi kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa kanisani. "Si wewe ndiye mwandishi?" Nilijitetea kuwa gazetini naandika bei za mahindi na mbaazi. Hakuna aliyenisikiliza.

Usiku ule Muheza ilinyesha mvua kubwa. Wenzangu walikuwa chini ya turubai wanakunywa kahawa. Mimi chumbani na daftari. "Marehemu alizaliwa..." Nakata. "Marehemu atakumbukwa kwa..." Nakata tena. Kila sentensi niliisikia kwenye kipaza sauti kabla sijaimaliza, nikaionea haya.

Ndipo likanijia zoezi tulilopewa chuoni, la Peter Elbow, Mmarekani aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973. Unaandika dakika kumi mfululizo. Hufuti, hurudi nyuma kusoma, tahajia ikiharibika iharibike. Ukikwama, unaandika kwamba umekwama mpaka neno jingine lije. Elbow alijua adha hiyo: aliacha masomo ya uzamivu Harvard kwa kushindwa kuandika. Tatizo, anasema, ni kutunga na kusahihisha kwa wakati mmoja; msahihishaji humziba mtungaji mdomo.

Nikatega saa ya simu, nikaanza:

"sina cha kuandika sina cha kuandika mvua hii baba mkubwa hakupenda mwavuli alisema mfanyakazi wa reli halowi analowa karani sina sina filimbi yake aliificha kwenye kopo la majani ya chai tukaiiba tukapuliza bibi akatoka mbio na mzigo kumbe treni bado hakutuchapa alimtafutia bibi kiti kivulini akamwomba radhi yeye na deni dukani mchele wa watu wengine aliandikisha jina lake mama mkubwa akanuna wiki nzima nimekwama nimekwama"

Simu ilipolia mkono ulikuwa unauma. Sehemu kubwa ilikuwa takataka, na Elbow hakuahidi zaidi ya hapo. Kuchambua ni kazi ya baadaye. (Kurasa tatu za kuandika kila asubuhi anazoagiza Julia Cameron, mwandishi mwingine wa Kimarekani, zimenishinda kabisa. Asubuhi yangu ni ya daladala.) Lakini habari ya yule bibi sikuwa nimeiwaza tangu utotoni, na kama ningeendelea kumtafutia marehemu sifa, isingetoka. Nikachukua filimbi, bibi na deni, nikavipachika kati ya tarehe ya kuajiriwa na orodha ya wajukuu.

Alfajiri nikampelekea baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alisoma amesimama, miwani puani, akaomba kalamu. Deni la duka akalifuta lote: mwenye duka angekuwa kanisani, na bado lilikuwa halijaisha. Filimbi akaiacha. Kwa bibi akaongeza jina lake kamili na kijiji chake, kwa kuwa alikuwa mama mkwe wake.