Wufa kwa Kukhu

Stima ilifika kwa Kukhu, nyanya yangu, nyuma ya soko la Luanda, magharibi mwa Kenya, mwaka 2017. Ada ya kuunganishiwa ilikuwa imeshushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na wajomba zangu walichanga. Mimi nilikuwa na kibarua Kisumu na nilijiona mtu, kwa hiyo badala ya kuchanga nikanunua redio: wufa moja, ile spika kubwa ya sauti nzito, na spika mbili ndogo. Nilipanda nayo matatu ya Busia nikiwa nimeipakata kama mtoto, na kondakta akanitoza nauli ya watu wawili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo. Kukhu aliipaka kwa mikono yake kila Desemba, mwekundu chini, mweupe juu. Ndani kulikuwa na vitambaa: migongoni mwa viti, mezani, juu ya chupa ya chai, hata juu ya redio yake ya betri. Picha zilitundikwa juu karibu na mabati, zimeinama kama watu wanaochungulia. Kalenda za miaka iliyopita hazikuondolewa, maana picha zake zilikuwa bado nzuri.

"Mume wangu," akaniuliza (nina jina la babu, basi ndivyo anavyoniita), "hivyo visanduku vitakaa wapi?"

Nikasema ukutani. Msumari wa kwanza uliangusha bonge la udongo kubwa kama sahani, fito zikabaki wazi. Kukhu hakusema neno. Alitoka, akarudi na udongo aliokanda na samadi, akaziba, kisha akaichukua nyundo na kwenda nayo jikoni. Sikuiona tena.

Mahali pazuri palikuwa dirishani, ila palikuwa na kiti cha babu. Tangu tumzike hakuna aliyekikalia. Nilikigusa tu, nikasikia, "Hicho hakihami." Basi spika moja ikapanda juu ya kabati la vyombo, ya pili ikakaa kwenye stuli kando ya mlango, na wufa nikaisukumia konani nyuma ya kochi, kwa kuwa masikio hayatambui besi inatokea upande gani. Nisichojua ni kwamba kona huongeza besi. Nilipowasha, kila gitaa zito liliposhuka kwenye noti moja fulani, glasi za kabatini zililia na mabati yakaitikia. Kuku aliyekuwa akiatamia chini ya meza alitoka mbio. Nikaivuta wufa hatua moja kutoka ukutani, nikaikalisha juu ya gunia lililokunjwa, glasi zikanyamaza. Kuku ndiye aliyekataa kurudi.

Kesho yake asubuhi redio ilikuwa inaongea kama mtu mwenye ugali mdomoni. Kukhu alikuwa amezivisha spika vitambaa vyake vizito, vile vya kudarizi maua, vimekunjwa mara mbili.

"Haziwezi kukaa uchi mbele ya wageni," akasema, na kwa kweli zilikuwa mbaya, plastiki nyeusi yenye taa za buluu.

Kumweleza habari za sauti nyembamba kuzuiwa na kitambaa kulinishinda. Nikachukua kimoja, nikakiweka mdomoni nikapuliza: pumzi ikanirudia usoni. Nikachukua cha krosheti, chenye matundu, nikapuliza tena, na kiganja changu upande wa pili kikahisi upepo. Kukhu akavijaribu vyote viwili mwenyewe, mashavu yamejaa, akacheka mpaka akakaa chini. Akachagua viwili vyenye nakshi ya mananasi, akavining'iniza mbele ya spika. Sauti ikapita safi, na taa zile za buluu zikafichika, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyokiri.

Kilichobaki ni kutafuta mahali sauti za pande zote zinapokutana, pale unaposikia mwimbaji kama amesimama katikati. Kwenye kochi spika ya mlangoni ilizidi. Nikasogea, nikasogea, mpaka nikajikuta nimechuchumaa dirishani, bega langu likigusa kiti cha babu, na mwimbaji amesimama mbele yangu kabisa.

"Unachuchumaa nini kama mwizi wa mayai?"

"Hapa ndipo inasikika vizuri, Kukhu."

Alikitazama kiti. "Si ukae, basi. Mume wangu unaogopa kiti chako?"

Nikakaa ukingoni, nusu tako. Yeye akabadilisha stesheni, muziki ukakatika, wakaanza kusoma matangazo ya vifo, na nilipotaka kusema kitu akaniinulia kidole ninyamaze.