Hodi Nicosia

Nilikwenda Nicosia, mji mkuu wa kisiwa cha Kupro, nikitarajia ukuta. Katika Mtaa wa Ledra nilikuta kibanda cha polisi, hatua chache za ardhi isiyo ya mtu, kisha kibanda kingine. Nikaonyesha pasipoti mara mbili, nikawa nimetoka Kupro ya Wagiriki nimeingia kwa Waturuki. Kivuko hicho kilifunguliwa Aprili 2008. Pembeni yake vichochoro bado vimezibwa, na zipo nyumba ambazo hazijakaliwa tangu vita vya 1974, askari wa Uturuki walipoingia na kisiwa kikagawanyika.

Mimi ni mtu wa Unguja, na mwaka 1964 una uzito wake kwetu: Aprili ile tuliungana na Tanganyika. Mwezi mmoja kabla, walinda amani wa Umoja wa Mataifa walishuka hapa, Wagiriki na Waturuki wa kisiwa walipokuwa wakipigana, kwa miezi mitatu tu. Wapo hadi leo, wakilinda ukanda wa kilomita 180 uliokata kisiwa pande mbili. Bunduki zimenyamaza, nami nashukuru kwa hilo. Ila watoto wamezaliwa, wakakua, wakapata wajukuu, na ukanda upo pale pale.

Upande wa Waturuki, karibu na Büyük Han, nyumba ya kale ya wasafiri, mzee mwenye mkahawa alinimiminia kahawa nzito, akavuta kiti. Kwao ni Paphos, kusini, walihama 1975. Vivuko vya kwanza vilipofunguliwa Aprili 2003 alikwenda kuitazama nyumba yao. "Nikapiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe," aliniambia. Aliyemfungulia alikuwa mama wa Kigiriki, naye mkimbizi kutoka Kyrenia, kaskazini. Walikaa barazani wakalia wote wawili.

Mwaka uliofuata mzee aliupigia kura ya ndiyo mpango wa Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, wa kukiunganisha tena kisiwa. Waturuki wa Kupro asilimia 65 waliukubali. Wagiriki asilimia 76 waliukataa. Nilidhani atawalaumu. Akasema wengi wao waliogopa kwamba askari wa Uturuki wasingeondoka wote, na hofu hiyo anaielewa.

Kaka yake alipotea 1964. Ipo kamati ya watu waliopotea, chini ya Umoja wa Mataifa, ambayo wataalamu wake wa Kigiriki na wa Kituruki huchimba bega kwa bega. Kati ya watu 2,002, mabaki ya zaidi ya 1,000 yametambuliwa na kurudishwa kwa jamaa zao wazikwe. Katika yote ambayo mataifa yamefanya hapa, hili ndilo lililonigusa zaidi.

Mzee alishatoa damu yake ipimwe na kulinganishwa na mabaki. Simu ilikuwa mezani, kati ya vikombe vyetu, na kila ilipolia aliacha kusema.