Siku moja na mashua yangu Lamu: kuzima mashine

Saa kumi na moja alfajiri
Adhana haijaisha na kunguru wa Langoni washaanza rabsha. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo popote penye jaa ndipo kwao. Shore wa uani kwangu naona siku hizi wanaimba mapema, kabla ya bodaboda ya kwanza kupita. Nilidhani ni mawazo yangu tu, hadi mgeni mmoja Mwingereza aliponiambia kuwa mjini Sheffield kuna ndege wa kifua chekundu wanaoimba usiku, hasa mitaa ile ambayo mchana ina kelele nyingi.

Saa mbili
Wageni watatu kutoka Nairobi: mume, mke na binti yao mdogo. Wanataka pomboo. Kila mtu anataka pomboo. Ni msimu wa kaskazi, upepo unatoka kule kule tuendako, kwa hiyo tanga limekunjwa na mashine ya farasi 15 ndiyo yenye kazi. Mpwa wangu Athumani ameishika. Maji yamejaa, tunapita mkondo wa Mkanda, katikati ya mikoko, polepole.

Saa nne kasorobo
Karibu na kisiwa cha Manda Toto tukaona mapezi manane, labda tisa. Boti tatu zilikwisha kuwazunguka, kila moja inataka kuwa mbele. Nikamwambia Athumani azime.

"Nahodha, mbona tumesimama? Wenzetu wanawafikia!"

"Wanawafikia, bwana, lakini hawatakaa nao."

Nikamweleza. Kila pomboo ana mluzi wake, kama jina, anautunga angali mchanga, na wenziwe wakimtaka humwita kwa kuuiga. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na pomboo hutegemea masikio hata kutafuta chakula. Sasa boti tatu zikinguruma juu yao, mama na mwana huwa kama watu waliopotezana siku ya mashindano ya punda.

Pomboo wakazama, wakaibukia mbali, wakaenda zao. Yule baba alinuna. Simlaumu, amelipa.

Saa nne na nusu
Ili kumfurahisha binti nilimwambia alaze sikio kwenye ubao wa chini wa mashua.

"Mjomba, kuna mtu anakaanga!"

Ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa. Gando likifumba ghafla hutokea kiputo, na kiputo kikivunjika ndio ule mlio. Kamba ni wengi mno, ndiyo maana husikika kama karai la mahamri. Huo mchakarisho ni sehemu ya sauti ya mwamba ulio hai, na wapo samaki wachanga wanaoifuata sauti hiyo gizani wakitafuta makao.

Akakaa kimya, kisha akasema, "Sasa kuna nyuki." Nikatazama huku na huku, bahari nyeupe, hakuna chombo. Baada ya muda boti ikachomoza nyuma ya kisiwa. Mtoto aliisikia kupitia mbao kabla sisi watu wazima hatujaiona. Baba yake naye akalala kifudifudi kusikiliza, na shati lake jeupe.

Saa saba
Wali wa nazi, changu wa kuchoma. Mama mtu alilala.

Saa tisa
Kurudi ni kwa tanga, kaskazi inatusukuma. Yule baba, sasa amechangamka, akauliza, "Si wapige mluzi kwa nguvu zaidi tu?"

Hupiga. Huko Florida watafiti waliwafundisha pomboo wawili kubonyeza vitufe kwa pamoja, kisha wakawaongezea kelele. Wanyama wakapaza na kurefusha miluzi, wakageukiana, na bado kufaulu kwao kukashuka kutoka asilimia 85 hadi kama 62. Utafiti huo ulitoka mwaka 2023.

Ningependa kuandika kwamba tulipofunga mashine pomboo walikuja kutushukuru. Hawakuja. Tulisikia maji na kamba ya tanga tu.

Saa kumi na mbili jioni
Nimeipeleka rafadha, lile panga la mashine linalozunguka majini, kwa fundi. Imepigwa na mwamba, ukingo mmoja umekatika. Na mimi ndiye niliyekuwa nahubiri mchana kutwa! Kelele nyingi za boti chini ya maji ni viputo vinavyovunjika kwenye rafadha, kama vya kamba yule, na rafadha yenye pengo huzidisha. Ukienda pole hupungua.

"Haisukumi?" fundi akauliza.

"Inasukuma."

"Basi ina nini?"

"Inapiga kelele."

"Mbona mimi sijaisikia ukija?"

"Hukuwa majini."

Akanitazama, akachukua tupa. "Mia tano. Na kesho asubuhi, si leo."